Kabla ya Kushika Bomba

Mchicha ukianza kutobolewa majani, watu wengi huenda moja kwa moja kwenye duka la pembejeo na kuomba "dawa ya wadudu". Muuzaji haulizi ni wadudu gani. Mnunuzi naye hajui, kwa sababu hakugeuza hata jani moja kutazama upande wa chini. Anarudi na kichupa cha sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya ekari za pamba au nyanya, anaipulizia kwenye matuta matatu nyuma ya jiko, na kesho yake jioni mtu wa nyumbani anachuma matembele palepale.

Kila sumu ya dukani ina muda wake wa kusubiri kabla ya kuvuna, na muda huo umeandikwa kwenye kibandiko: siku 3, siku 7, siku 14, kutegemea aina. Mwenye shamba anaweza kuupangia ratiba, maana mavuno yake yana tarehe. Bustani ya nyumbani haina tarehe. Leo unachuma majani manne ya sukuma wiki, kesho bamia za kutosha mchuzi, keshokutwa mtoto anapita na kung'oa karoti anaifuta kwenye kaptula anaila. Hata ukinunua sumu halali, iliyosajiliwa, na ukaipima vizuri, sharti lake moja kubwa huwezi kulitimiza.

Bustani hiyo hiyo, hata hivyo, ina faida ambayo shamba halina, nayo ni udogo wake. Unaweza kuikagua yote asubuhi kabla chai haijapoa. Kwa mwenye matuta machache au viroba kumi ukutani, macho na vidole hufanya kazi kubwa kuliko bomba lolote, liwe la sumu au la mwarobaini. Kwa hiyo mwongozo huu utakawia kwenye macho na vidole, na dawa za miti zitafuata nyuma.

Geuza jani kwanza

Mmea hueleza nani anaula. Majani yenye matundu yameliwa na mwenye meno: kiwavi, panzi, mbawakawa au konokono. Konokono utamjua kwa utepe wa ute unaong'aa juani. Majani yaliyojikunja na kunata yamenyonywa utomvu na vidukari au inzi weupe. Jani lenye vumbivumbi la madoa ya manjano na utando mwembamba chini yake ni la utitiri. Mche uliolala chini asubuhi, umekatwa usawa wa udongo kana kwamba kwa kisu, ni kazi ya sota, na sota mwenyewe hayuko mbali: fukua kwa kidole sentimita mbili tatu kuzunguka mche huo utamkuta amejikunja, mnene, rangi ya udongo.

Mmea unaonyauka adhuhuri ilhali udongo una maji haupulizwi chochote. Ung'oe mmoja. Mizizi ikiwa na vinundu, ni minyoo fundo. Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina na ukining'inize kwenye glasi ya maji meupe; uzi wa ute mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Magonjwa hayo mawili yameshamaliza fedha nyingi za watu waliokuwa wakipulizia majani. Kinachosaidia ni kung'oa, kuchoma mabaki, na kuacha kupanda nyanya, mbilingani, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo hapo kwa misimu kadhaa. Pakiwa na minyoo fundo, panda mahindi au vitunguu. Bangi mwitu, yale magugu ya harufu kali ambayo tunayang'oa kila siku, nayo huipunguza minyoo hiyo yakiachwa yajae kwenye tuta kwa msimu mzima; kupanda mawili matatu pembeni kwa pambo hakusaidii.

Asubuhi haitoshi. Angalau mara moja kwa wiki toka usiku na tochi. Wala mboga wengi hawafanyi kazi mchana, na unaweza kumlaumu panzi kwa kosa la konokono.

Wa kuwaacha hai

Kabla ya kuua chochote, wajue wasaidizi wako, na hasa wajue wakiwa wachanga. Mdudu kobe aliyekomaa, yule wa duara mwenye mgongo mwekundu au wa chungwa na madoa meusi, hakuna anayemgusa. Lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo: ni mrefu, wa kijivu au mweusi mwenye mabaka ya chungwa, ana miguu sita na mwili wa magamba kama mamba mdogo. Huyu ndiye anayekula vidukari wengi zaidi, na ndiye anayesagwa kwa vidole na watu wenye nia njema. Kuna pia inzi wembamba wenye mistari ya manjano wanaoelea hewani bila kusogea mbele ya ua. Watoto wao ni vibuu visivyo na miguu ambavyo hutambaa katikati ya vidukari na kuwafyonza mmoja baada ya mwingine. Ongeza vunjajungu, buibui, chura, kinyonga na mjusi wa ukutani.

Ila wenye nguvu kuliko wote ni nyigu wadogo ambao huenda hujawahi kuwaona, wengine hawafiki urefu wa milimita mbili. Hawaumi watu. Hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari, kiwavi au kidung'ata, na mtoto hula kutoka ndani. Ukikuta kidukari aliyevimba, mkavu, rangi ya kahawia, asiyesogea ukimgusa, huyo ameshashughulikiwa. Muache, maana ndani yake atatoka nyigu mwingine.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kujifariji. Mapema miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo alifika Kongo kutoka Amerika Kusini, na kwa muda mfupi akawa anakausha mihogo nchi baada ya nchi. Mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, Hans Herren, akifanya kazi na kituo cha utafiti cha IITA huko Nigeria, aliongoza msako wa adui wa mdudu huyo katika nchi yake ya asili. Mwaka 1981 nyigu mmoja mdogo alipatikana Paraguay. Alizalishwa, akaachiliwa, na akaenea katika ukanda wote wa muhogo barani. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa tayari mkuu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi. Muhogo ulio nyuma ya nyumba yako unalindwa na nyigu huyo mpaka leo, bure, mradi hujampulizia sumu.

Nyigu hawa na wale inzi waeleaji wakiwa wakubwa hula nekta, na midomo yao ni mifupi, hivyo wanahitaji maua madogo yaliyo wazi. Acha mashina machache ya giligilani, bizari au karoti yatoe maua. Acha mrihani uchanue. Habari ya kwamba harufu ya mchaichai au kitunguu itafukuza kila mdudu nimeisikia sana, na ukweli wake ni mdogo kuliko sifa zake. Lakini maua kwa ajili ya wasaidizi ni jambo linaloonekana kwa macho ndani ya msimu mmoja.

Vidukari, na sabuni

Kama una sukuma wiki, kunde au bamia, unao vidukari. Wale wa sukuma wiki ni wa kijivu wenye unga. Wa kunde ni weusi wanaong'aa, wamejazana kwenye ncha changa na maganda. Majike huzaa bila kuhitaji dume, na huzaa watoto walio hai, ndiyo maana Jumatatu unaona watano na wiki inayofuata jani limefunikwa.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina kwa msururu, wafuate kwa macho hadi wanakoishia. Sisimizi hula ule utamu unaonata ambao vidukari huutoa, na kwa ajili ya huo utamu huwafukuza wadudu kobe na nyigu. Ukikata njia ya sisimizi, umewaita wasaidizi. Kwa mpapai au mti mchanga, funga kitambaa au utepe kuzunguka shina na upake grisi juu yake. Kwa mboga za tuta, fukua kichuguu chao kidogo na ukivuruge kwa maji mara kwa mara, watahama.

Hatua ya pili ni kidole gumba. Bana ncha iliyojaa, saga, endelea. Jani lililofunikwa kabisa likate. Kisha maji: elekeza mpira wa maji chini ya jani kwa nguvu ya kutosha kumwangusha mdudu bila kuchana mboga. Vidukari wengi wakianguka hawarudi, kwa sababu midomo yao hukatika au miguu haiwafikishi. Rudia kwa siku tatu mfululizo, asubuhi ili majani yakauke mchana.

Hayo yakishindwa ndipo ije sabuni. Vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 1 ya maji vinatosha. Kuzidisha ni kuunguza majani. Sabuni ya mche iliyokunwa na kuyeyushwa nayo inafaa. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike kabisa, ina chumvi na vitu vingine ambavyo mboga haivipendi. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu ikiwa bado mbichi: huharibu ngozi yake laini akakauka. Ikishakauka juu ya jani haina kazi tena, kwa hiyo anayepulizia upande wa juu wa jani anaosha jani tu. Piga chini, jioni, jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri siku nzima, halafu suuza mboga kwa maji matupu asubuhi.

Wakazi wa pwani wenye visima wana tatizo lao. Maji yenye chumvichumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu ndani yake, hugandisha sabuni ikawa mabonge meupe na mdudu hafi. Tumia maji ya mvua au ya bomba kwa kazi hii.

Na ukiona vidukari hawaishi mwaka mzima, tazama unavyoilisha bustani. Samadi mbichi ya kuku na urea nyingi hufanya mmea ukimbilie majani laini yenye utomvu mtamu, nao ndio mwaliko wenyewe. Tumia mboji au samadi iliyooza ikapoa, ambayo ukiikamata mkononi haina harufu kali.

Inzi weupe, kantangaze na wengineo

Ukitikisa mnyanya na wingu la vumbi jeupe likaruka, hao ni inzi weupe. Kunyonya kwao si hoja sana. Hoja ni virusi wanavyobeba, vile vinavyokunja majani ya nyanya yakawa madogo ya manjano, na vile vya batobato la muhogo. Mmea uliokwisha kujikunja hauponi. Ung'oe mapema, usiuonee huruma. Inzi weupe hupenda rangi ya njano, na mtego wake uko jikoni: dumu tupu la njano la mafuta ya kula. Likate vipande, paka grisi au mafuta mazito ya kujipaka, ning'iniza usawa wa ncha za mimea, futa na upake upya vikijaa. Mtego haumalizi inzi weupe, lakini unakuonyesha siku waliyoingia, na ukiwajua siku ya kwanza sabuni inawaweza.

Kantangaze ni mkaidi zaidi. Ni nondo mdogo wa kijivu kutoka Amerika Kusini, aliyefika Hispania mwaka 2006 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2014, na jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260. Kiwavi wake hula katikati ya ngozi mbili za jani, akiacha mabaka mapana meupe kama karatasi, halafu huingia kwenye tunda. Sumu nyingi amezizoea. Wakulima wakubwa wanajua hivyo kwa hasara. Nyumbani, mwenye mashina kumi ya nyanya ana nafasi nzuri kuliko wao. Kila asubuhi kata majani yenye mabaka, na matunda yenye vitundu, yatie kwenye ndoo yenye mfuniko au kiroba kilichofungwa, yaache juani siku kadhaa mpaka yaive kwa joto. Usiyatupe kwenye mboji. Mnavu unaojiotea uzioni nao ni makazi yake, uchunguze.

Kinga bora kabisa ya nyanya na sukuma wiki ni neti iliyotandazwa juu ya vijiti tangu siku ya kupandikiza, kingo zake zimefukiwa udongo. Isiwe chandarua cha mbu chenye dawa: ile dawa ni sumu kwa nyuki na wasaidizi wengine, na chandarua chenyewe kina kazi kitandani. Nyanya hujichavusha zenyewe, tikisa tu vichanja asubuhi. Matango na maboga hayawezi bila nyuki, hivyo yafunue yakianza kuchanua.

Dhidi ya sota, kata chupa ya plastiki iwe pete za urefu wa kidole, zungushia kila mche, kandamiza sentimita mbili ardhini. Palilia tuta wiki mbili kabla ya kupanda ili akose chakula. Utitiri ni wa kiangazi na vumbi: osha chini ya majani kwa maji, tandaza nyasi kavu.

Konokono mkubwa wa masika hatukuletewa na mtu, asili yake ni huku huku pwani ya Afrika Mashariki, na popote alipo duniani alitokea kwetu. Mwokote usiku mvua ikikatika, kwa glavu au mfuko mkononi, kwa sababu anaweza kubeba minyoo inayodhuru ubongo wa binadamu. Ponda na ufukie. Kwa sababu hiyo hiyo osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi. Mchana weka ubao au gunia lililolowa kwenye kivuli, utawakuta chini yake. Chumvi humuua, kweli, na huua udongo pia. Majivu humzuia yakiwa makavu tu, kwa hiyo masika ni kazi bure.

Dawa za miti, na zile za kuogopa

Mwarobaini unastahili sifa zake, ila si kwa namna unavyotumiwa. Nguvu iko kwenye kiini cha mbegu kuliko kwenye majani. Okota matunda ya manjano, toa nyama, kausha mbegu kivulini, tupa zote zenye ukungu. Twanga viini gramu 50 kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, pulizia jioni siku hiyo hiyo. Jua huivunja ndani ya siku chache, kwa hiyo utarudia baada ya wiki. Usitegemee kuona maiti asubuhi. Mwarobaini humfanya kiwavi asile na ashindwe kujivua gamba. Atakuwepo siku mbili tatu akizubaa, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kwenda kununua sumu. Weka mbegu na maji yake mbali na watoto.

Kwa viwavi wa sukuma wiki na kabichi waliozidi vidole, uliza duka la pembejeo dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis. Hudhuru viwavi wanaoila tu, haimgusi nyuki wala mdudu kobe. Nayo ipulizwe jioni, viwavi wakiwa bado wadogo. Pilipili na kitunguu saumu huwasumbua wadudu kwa siku moja na macho ya mpuliziaji kwa usiku mzima. Sina imani nayo kubwa.

Neno "asili" lisikulaze. Tumbaku iliyolowekwa ina nikotini, ambayo hupenya ngozi ya binadamu, na inaweza kuambukiza nyanya virusi vya batobato. Utupa ni sumu ya samaki tangu mababu. Usiukaribishe karibu na kisima, bwawa au mfereji. Hata pareto ya nyanda za juu, yenye heshima zake zote, haichagui: nyuki na mdudu kobe hufa pamoja na vidukari. Mafuta ya taa na maji ya betri si dawa kabisa, ingawa kuna jirani atakayekuapia.

Mwembe

Kama una mwembe au mchungwa, kazi ni mbili. Ya kwanza, okota kila tunda lililoanguka, kila siku, kabla mabuu ya inzi wa matunda hayajatoka na kuingia ardhini. Yafukie nusu mita au zaidi, au yafungie kwenye kiroba kizima na kukiacha juani. Inzi aliyetuvamia, yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, huzaliana zaidi ndani ya maembe yaliyosahaulika chini ya mti kuliko yaliyo juu.

Ya pili ni ngumu kwa watu wengi kuikubali: wavumilie majimoto. Wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota ni wawindaji wa mchana kutwa. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, M. J. Way, alichunguza huko Zanzibar jinsi wanavyoulinda mnazi dhidi ya kunguni anayeharibu madafu machanga, na baadaye watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wakawafuatilia kwenye mikorosho na michungwa. Adui wao ni sisimizi wa kahawia wenye vichwa vikubwa wanaokaa ardhini, ambao hustawi pale chini ya mti panapofagiliwa peupe. Acha majani na nyasi fupi chini ya mti. Unganisha miti yako kwa kamba au vijiti ili majimoto wapite bila kushuka. Wana kasoro yao, hufuga vidung'ata na wadudu magamba kwa ajili ya ule utamu, kwa hiyo matawi yaliyojaa sana yapunguze. Na siku ya kuangua maembe, paka majivu makavu mikononi, miguuni na kwenye shina unaloshikilia, maana majimoto hawapendi kutembea juu ya majivu. Panda upesi, na usivae shati lenye mikono mipana.